Shajara ya mradi: kukompaili espeak-ng iingie kwenye simu za Android, mpaka zile za biti 32

Naandika hapa kila hatua ikiisha, ili mwingine anayetaka kuweka sauti ya Kiswahili ndani ya apu yake asianzie sifuri kama nilivyoanza mimi. Lengo ni apu inayosoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, bila bando, kwenye simu ya bei ya chini kabisa, na mtumiaji asilazimike kuinstoo injini nyingine pembeni. Hatua za kawaida nitapita haraka, zile zilizonikwamisha ndiyo nitakaa nazo.

## 10 Mei 2025: kuchagua na kuandaa

Nimeamua espeak-ng, injini ya kugeuza maandishi kuwa sauti. Hii ndiyo eSpeak ya Jonathan Duddington, mizizi yake ni programu aliyoiandikia kompyuta za Acorn mwaka 1995, halafu mwishoni mwa 2015 Reece Dunn akaichukua na kuiendeleza kwa jina la espeak-ng. Sauti yake ni ya kimashine kwa sababu haiungi maneno kutoka kwenye rekodi za mtu, sehemu kubwa ya mawimbi inatengenezwa kwa hesabu, lakini kwa kazi hii hilo ni jambo jema: ni ndogo sana, ina lugha zaidi ya 100 na Kiswahili kimo, halafu wasioona wengi wameshaizoea maana inakuja pamoja na NVDA, kisoma skrini cha kompyuta za Windows. Ukiikimbiza kwa spidi kubwa maneno bado yanasikika vizuri, na mtu anayesoma kwa masikio anahitaji hilo kuliko sauti tamu.

Wakuu, apu rasmi ya espeak-ng ya Android ipo tayari. Kama unataka injini ya TalkBack (kisoma skrini cha Android) tu chukua hiyo umalize kazi. Mimi nataka laibrari yenyewe, yaani msimbo unaoitwa na programu nyingine, ndani ya apu yangu.

Kabla hujaanza jua pia leseni ni GPLv3, maana yake ukiiunganisha ndani ya apu yako na ukaisambaza, msimbo wa apu nzima lazima utolewe kwa leseni inayoendana na hiyo. Kwangu poa kabisa, nataka iwe wazi. Kama unamjengea mteja anayetaka kufunga msimbo wake mwambie mapema, usingoje kazi iishe.

Vifaa: laptop yenye Ubuntu, RAM giga 8. NDK r27 (vifaa vya Google vya kujengea msimbo wa C kwa Android) kwa sababu ni toleo la LTS, yaani linalotunzwa muda mrefu, zipu yake inapita mega 600, kwa hiyo bando la elfu kumi limeishia hapo pamoja na Android SDK. Msimbo wa espeak-ng ni toleo la 1.52.0. Simu ya kujaribia ni yangu mwenyewe, ya biti 64.

## 17 Mei 2025: Exec format error

Faili la CMake (programu ya kuongoza ujenzi) la NDK linajua kila kitu kuhusu kompaila, yaani kigeuzi cha msimbo kuwa programu, kwa hiyo huhitaji kuandika njia za clang kwa mkono kama maelezo mengi ya zamani yanavyosema. Ukikutana na maelezo yanayotaja GCC ndani ya NDK au standalone toolchain yaache, GCC ilishaondolewa tangu r18. Hii inatosha:

cmake -B jenga-arm64 \
  -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=$NDK/build/cmake/android.toolchain.cmake \
  -DANDROID_ABI=arm64-v8a -DANDROID_PLATFORM=android-21 \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release -DBUILD_SHARED_LIBS=OFF \
  -DUSE_ASYNC=OFF -DUSE_MBROLA=OFF -DUSE_LIBPCAUDIO=OFF \
  -DUSE_LIBSONIC=OFF -DUSE_SPEECHPLAYER=OFF

Hizo OFF zina sababu. Libpcaudio ni ya kupeleka sauti kwenye spika za kompyuta, kwenye Android sauti tutaipeleka wenyewe. Libsonic ni ya kupita spidi ya maneno 450 kwa dakika, kwa sasa hatufiki huko. SpeechPlayer imeandikwa kwa C++ na ukiizima unabaki na C tupu, huna haja ya kubeba laibrari ya C++ ndani ya apu. MBROLA ni injini nyingine ya sauti, sina kazi nayo.

Kukompaili kumekwenda vizuri, mistari inapita, asilimia zinapanda, mpaka ilipofika sehemu ya kutengeneza data ikasimama na Exec format error.

Hapa ndipo wengi wanaachia, na ujumbe wenyewe haukuambii kitu, kwa hiyo naeleza kwa urefu. Espeak-ng ina sehemu mbili, kuna laibrari na kuna data, yaani kamusi za kila lugha na jedwali la fonimu (sauti za msingi za lugha). Data haiji ikiwa tayari. Kwenye msimbo iko kama maandishi, mfano dictsource/sw_rules na dictsource/sw_list kwa Kiswahili, na anayeyageuza kuwa faili la sw_dict ni programu ya espeak-ng yenyewe, yaani inajengwa kwanza halafu inaitwa ijengee data yake. Sasa ukikompaili kwa ajili ya simu, programu iliyotoka ni ya prosesa ya ARM na laptop yangu ni ya Intel, laptop inaambiwa iendeshe programu ya ARM, haiwezi. Kompaila haina kosa lolote na msimbo hauna kosa, shida ni kwamba kazi ya katikati inatakiwa kufanyika kwenye laptop kwa kutumia kifaa kilichojengwa kwa ajili ya simu. Hali hii utaikuta kwenye laibrari nyingi zinazotengeneza vifaa vyake zenyewe wakati wa kujengwa, siyo hii tu.

Dawa ni kujenga mara mbili. Kwanza jenga ya laptop kama kawaida, bila NDK, hiyo itatoa folda nzima ya espeak-ng-data. Data haijali aina ya prosesa, iliyotengenezwa kwenye laptop inasomeka kwenye simu. Halafu kwenye upande wa simu omba laibrari na programu ya kujaribia tu, data usiiguse:

cmake -B jenga-laptop -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release
cmake --build jenga-laptop
cmake --build jenga-arm64 --target espeak-ng espeak-ng-bin

Imepita. libespeak-ng.a ipo na programu ya espeak-ng ya ARM ipo.

## 18 Mei 2025: kuijaribu kwenye simu kabla ya kuandika apu

Ushauri wangu usikimbilie Java wala Kotlin. Jaribu kwanza programu tupu kupitia adb (kifaa cha kuiamuru simu kutoka kwenye laptop), ikigoma hapo unajua shida iko upande wa laibrari, bado hujachanganya mambo.

Usiiweke kwenye /sdcard maana huko simu hairuhusu kuendesha programu, utapata Permission denied hata ukifanya chmod mpaka kesho. Weka /data/local/tmp:

adb push jenga-arm64/src/espeak-ng /data/local/tmp/
adb push jenga-laptop/espeak-ng-data /data/local/tmp/
adb shell "cd /data/local/tmp && chmod +x espeak-ng && ESPEAK_DATA_PATH=/data/local/tmp ./espeak-ng -v sw -w jaribu.wav 'Habari za asubuhi'"

Nikalivuta lile faili la wav kwa adb pull nikalisikiliza kwenye laptop. Imesema habari za asubuhi, mkazo umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama inavyotakiwa. Hapa nilifurahi kweli.

## 31 Mei 2025: irabu zimeharibika

Wiki hii nimeanza kupunguza data, na sauti ikaharibika. Maneno yanatoka lakini baadhi ya sauti zimebadilishana, yaani unasikia neno lina urefu sahihi na mkazo sahihi ila herufi za ndani siyo zake. Nilihangaika nikidhani ni kompaila ya ARM imevuruga hesabu, nikabadilisha viwango vya uboreshaji vya kompaila, -O2 na -O0, wapi.

Kilichokuwepo ni hiki. Kwenye laptop kulikuwa na espeak-ng nyingine iliyoingia kwa apt (ya kuinstoo programu za Ubuntu), toleo la 1.51, na skripti yangu ya kukusanya faili ilikuwa inachukua sw_dict kutoka /usr huku phontab na phondata zikitoka kwenye 1.52.0 niliyojenga. Kamusi haihifadhi majina ya fonimu, inahifadhi namba zake. Namba hizo maana yake iko kwenye phontab. Fonimu zikiongezwa au kupangwa upya kati ya toleo moja na lingine, namba zinaweza kusogea, kamusi inasema namba fulani na jedwali linatoa sauti ya jirani yake. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotoka, programu inaongea tu.

Kwa hiyo laibrari, phontab, phonindex, phondata, intonations na kila faili la _dict lazima vitoke kwenye msimbo uleule mmoja, siku ileile. Sasa hivi skripti inachukua kila kitu kutoka jenga-laptop na kuandika namba ya toleo kwenye kifaili kidogo pembeni. Hicho kifaili kitakuja kuwa na kazi baadaye.

Faili ninazobakiza: hizo nne za juu, sw_dict, lang/bnt/sw, halafu en_dict na lang/gmw/en kwa anayetaka kubadili kwenda Kiingereza. Folda nzima inapita mega 10, ru_dict ya Kirusi peke yake inapita mega 8, ukibakiza faili hizi nilizotaja tu haifiki hata mega 1.

## 14 Juni 2025: JNI, na ucd iliyosahaulika

Nimeandika faili dogo la C la kuunganisha Java na laibrari (daraja hilo ndilo linaitwa JNI), linatoa libsauti.so, ndani yake libespeak-ng.a imemezwa. Linka, programu inayounganisha vipande vilivyokompailiwa, ikalalamika:

ld.lld: error: undefined symbol: ucd_toupper

na ndugu zake wengi wa ucd_. Espeak-ng inabeba ndani yake laibrari ndogo inayojua herufi za Unicode, ipi kubwa ipi ndogo ipi ni alama, na ukijenga kwa .a hiyo inatoka kama libucd.a peke yake, haimezwi ndani ya libespeak-ng.a. Ukiiongeza kwenye target_link_libraries baada ya espeak-ng kosa linaisha. Shukrani kwa NDK kwamba kwa kawaida inakataa alama zisizojulikana wakati wa kulinki, ingeziruhusu tungekuja kuanguka mtumiaji anapofungua apu.

Kingine ni jina la fanksheni ya JNI. Lazima lifanane herufi kwa herufi na jina la pakeji na klasi, ukibadilisha jina la pakeji halafu ukasahau upande wa C unapata UnsatisfiedLinkError. Mimi nimehamia RegisterNatives, fanksheni zote zinaandikishwa sehemu moja ndani ya JNI_OnLoad, jina la pakeji linatajwa mara moja tu.

## 15 Juni 2025: apu inapotea

Apu inafunguka, nabonyeza Soma, inatoweka. Hakuna dirisha la kusema apu imesimama, hakuna SIGSEGV (kosa la kugusa memori isiyo yako) kwenye logcat, yaani kumbukumbu za simu, hakuna orodha ya fanksheni. Kitu pekee nilichokikuta baada ya kusoma logcat nzima ni mstari mmoja wa Zygote, programu ya Android inayozaa apu zote:

Process 11842 exited cleanly (1)

Huo mstari ndiyo jibu. Exited cleanly maana yake hakuna aliyeiua, apu imejiondoa yenyewe kwa exit(1). Na nani anaita exit ndani ya apu ya Android? Ni espeak_Initialize. Kwa desturi yake ya asili kwenye teminali, ikikosa folda ya data inaandika ujumbe na kufunga programu nzima. Kwenye teminali ni sawa, kwenye simu ujumbe hauonekani na apu inakufa kimya.

Kuna chaguo la kuizuia, lipo kwenye speak_lib.h lakini lazima ulitaje mwenyewe:

int hz = espeak_Initialize(AUDIO_OUTPUT_SYNCHRONOUS, 0, njia, espeakINITIALIZE_DONT_EXIT);

Sasa ikikosa data inarudisha -1 na apu inaweza kumwambia mtumiaji kitu cha maana. Ikifaulu inarudisha idadi ya sampuli kwa sekunde, 22050, tumia namba hiyohiyo kufungulia AudioTrack (kipiga sauti cha Android), usiiandike kwa mkono.

Na kwa nini ilikosa data? Kwa sababu nilikuwa nimeziweka kwenye assets. Vitu vilivyo kwenye assets siyo mafaili ya kawaida, viko ndani ya zipu ya APK, laibrari ya C inayotumia fopen haivioni kabisa. Lazima apu ikifunguka mara ya kwanza izinakili kwenye filesDir (folda binafsi ya apu), halafu espeak ipewe njia ya folda iliyobeba espeak-ng-data.

## 28 Juni 2025: simu ya elfu sabini na tano

Nimenunua simu iliyotumika kwa 75,000, Android Go, RAM giga 1, ndiyo aina ya simu ambayo watumiaji wengi ninaowalenga wanayo. Kuinstoo tu ikagoma: INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS.

Ukiangalia /proc/cpuinfo ya simu hii unakuta CPU part 0xd03, hiyo ni Cortex-A53, prosesa ya biti 64. Lakini

adb shell getprop ro.product.cpu.abilist

inajibu armeabi-v7a,armeabi. Yaani prosesa ni ya 64 lakini Android iliyowekwa juu yake ni ya 32, na simu nyingi za bei ya chini zimetengenezwa hivyo ili kubana memori. Kwa hiyo usiamini karatasi ya sifa za simu, uliza getprop. Mtu akitoa apu yenye arm64-v8a peke yake anawafungia nje watu hawa wote, na hawatajua kwa nini, wataambiwa tu kwamba haiendani na kifaa chao.

Kujenga ya pili ni kubadilisha ANDROID_ABI iwe armeabi-v7a kwenye folda nyingine, jenga-arm32. Usitumie folda ileile, CMake inakumbuka majibu ya zamani kwenye kashe yake na utachanganya vipande vya aina mbili. Gradle (inayofungasha apu) inachukua zote mbili ukiziweka kwenye jniLibs/arm64-v8a na jniLibs/armeabi-v7a.

Baada ya hapo ikainstoo, ikafunguka, ikagoma kuongea. espeak_Initialize inarudisha -1. Kumbe simu ilikuwa imejaa, nafasi iliisha katikati ya kunakili data, phondata ikabaki nusu. Na mbaya zaidi, ukifungua tena apu inaona folda ipo inadhani kazi imeisha, haijaribu tena, hata mtumiaji akifuta picha na kupata nafasi apu haiponi mpaka aifute yote.

Nimerekebisha hivi: data inanakiliwa kwanza kwenye folda ya muda, ikikamilika bila kosa ndipo folda inabadilishwa jina kuwa espeak-ng-data, na kile kifaili cha namba ya toleo kinaandikwa mwisho kabisa. Apu ikifunguka inasoma kifaili hicho, kama hakipo au namba haifanani na ya laibrari inafuta na kunakili upya. Hii inatibu na lile tatizo la irabu, maana bila hivyo mtu akiapdeti apu anabaki na laibrari mpya na kamusi ya zamani.

## 7 Julai 2025 (Sabasaba): "ndiyo" haisikiki

Aya ndefu zinasomwa vizuri, neno moja halisikiki. Ukibonyeza "ndiyo" kimya, ukibonyeza ukurasa mzima sauti inatoka.

AudioTrack kwenye MODE_STREAM haianzi kupiga mpaka bafa yake (hifadhi yake ya muda) ijae, na neno fupi halijazi bafa. Ukimaliza kuandika sampuli ita stop(), kwenye hali hii stop() haikati sauti, inamaliza kwanza kilichobaki ndani. Ila release() usiiite papo hapo, nilipoiita mara moja silabi ya mwisho ilikatwa, "asubuhi" ikawa "asubu". Subiri kichwa cha kupigia kifike idadi ya sampuli ulizoandika ndipo uachie.

Kwenye simu hii ya polepole likajitokeza lingine. Ukibonyeza mara mbili haraka apu inaanguka, safari hii kwa SIGSEGV ya kweli. Espeak-ng inashikilia hali yake yote kwenye vigeu vya pamoja, huwezi kuiita kutoka nyuzi (thread) mbili kwa wakati mmoja. Na huwezi kuiita kwenye uzi mkuu wa apu pia, kwa kuwa tumezima ASYNC espeak_Synth hairudi mpaka maandishi yote yaishe, skrini inaganda na Android inauliza kama uifunge. Suluhisho ni executor ya uzi mmoja tu, kila ombi linapanga foleni humo, na kusimamisha kunafanyika kwa kurudisha 1 kutoka kwenye callback ya sauti, yaani fanksheni ambayo espeak inaiita kukabidhi sampuli. Inakatika mara moja.

## 12 Julai 2025: kurasa za kilobaiti 16

Google Play imetangaza kwamba kuanzia 1 Novemba 2025 apu mpya na maboresho yanayolenga Android 15 kwenda juu lazima yaendeshwe kwenye simu zenye kurasa za memori za kilobaiti 16, badala ya 4 tulizozizoea. Apu ya Java tupu haiguswi, yenye .so ndani inaguswa. Angalia yako:

llvm-readelf -l libsauti.so | grep LOAD

Safu ya mwisho yangu ilisoma 0x1000, yaani 4096. Inatakiwa 0x4000. Ukiwa na NDK r28 inakuja hivyo yenyewe, kwa r27 unaongeza -DANDROID_SUPPORT_FLEXIBLE_PAGE_SIZES=ON, kwa matoleo ya nyuma zaidi unampa linka -Wl,-z,max-page-size=16384. Sikutaka kushusha mega 600 nyingine, nimeongeza hilo chaguo nikajenga upya, sasa inasoma 0x4000. Ukiweka hiyo kwenye libespeak-ng.a peke yake haitabadilisha kitu, .a haijalinkiwa bado, ni lazima iwe kwenye hatua inayotoa .so ya mwisho. Hapo nilipoteza jioni nzima.

APK yenyewe nayo inapimwa: zipalign -c -P 16 -v 4 apu.apk. Imepita kwa sababu Android Gradle Plugin yangu inazidi 8.5.1. Toleo la biti 32 halihusiki na sharti hili.

## 26 Julai 2025: maneno yetu wenyewe, na mtumiaji wa kwanza

Dada mmoja asiyeona, mwalimu, amekaa na ile simu ya 75,000 kwa wiki mbili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupandisha spidi, desturi ya espeak ni maneno 175 kwa dakika, yeye yuko 340 na anasema bado inavumilika. Malalamiko yake hayakuwa sauti, yalikuwa vifupisho. Mwl. na Tsh zinatamkwa vibaya, na kwenye notisi za shule zimejaa.

Hilo halihitaji kugusa msimbo wa C. Unatengeneza faili dictsource/sw_extra, mistari ya namna hii:

mwl   mwalimu   $text $dot
tsh   shilingi   $text

$text inasema matamshi yameandikwa kama neno la kawaida siyo kwa fonimu, na $dot inasema nukta inayofuata siyo mwisho wa sentensi, kwa hiyo "Mwl. Asha" haikatiki katikati. Halafu kwenye laptop, ndani ya dictsource, unaita espeak-ng --compile=sw, ile uliyoijenga wewe siyo ya apt, na sw_dict mpya inaingia kwenye apu pamoja na namba mpya ya toleo. Nimeshaweka vifupisho vyote alivyonitajia.

Upande wa apu nimeongeza mambo mawili kabla maandishi hayajafika espeak. Alama ’ iliyopinda inageuzwa kuwa ' iliyonyooka, kwa sababu simu nyingi zinaandika ng’ombe kwa ile ya kwanza na sitaki kubahatisha kamusi itaitafsiri vipi. Na koma ndani ya namba inaondolewa, 25,000 inakwenda kama 25000.

Ukubwa: libsauti.so ikishapita llvm-strip haifiki mega 1 kwa kila aina ya prosesa, ukijumlisha data yote APK bado ni ndogo kuliko picha moja ya kamera za siku hizi. Gharama mpaka leo ni simu 75,000, mabando kama 30,000, na waya wa USB 5,000 maana wa kwanza ulikuwa unachaji tu haupitishi data, ukiona adb devices inaleta orodha tupu anza kushuku waya.

Kinachofuata ni saa. Kwenye notisi wanaandika 7:30 asubuhi, na mwalimu anataka isomwe saa moja na nusu, hapo itabidi apu itofautishe saa na alama za mpira. Nikimaliza naongeza tarehe hapa chini.